Shanga Bila Uzi: Namna Tulivyopanga Safari ya Treni Hadi Zambia

Daftari lilikuwa la shule, la mistari, na orodha yangu ilijaza ukurasa wote. Twiga wa Hifadhi ya Nyerere. Mahandaki ya Mlimba. Michoro ya kale ya Kasama. Maporomoko ya Chishimba. Chemchemi za maji moto za Kapishya. Popo wa Kasanka. Makumbusho ya Lusaka. Mosi-oa-Tunya. Nilihesabu nikapata mahali 14, na likizo yetu ni siku tisa.

Nikampa shemeji asome. Yeye hufundisha jiografia sekondari, na kwa ramani hana mzaha. Alisoma kimya hadi mstari wa mwisho, akavua miwani, akaniuliza:

“Shemeji, hii ni safari au sensa?”

Mke wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilinuna kidogo, kwa sababu orodha ile ilinigharimu jioni tatu. Lakini swali lilinikaa. Nilikuwa nimeokota shanga nyingi nzuri, na shanga hazivaliki bila uzi. Makala haya ni ya jinsi tulivyoutafuta uzi huo, na huenda yakamfaa msomaji anayeitazama ramani ya reli na kujiuliza aanzie wapi.

Reli yenyewe

Kwa mtu wa Dar es Salaam, kupanda treni hadi nchi ya nje ni kupanda TAZARA. Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, katikati ya Zambia. Ilizaliwa na shida. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa wachache, Zambia, nchi isiyo na bahari, ilijikuta shaba yake inategemea njia zilizo mikononi mwa mahasimu. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalikuwa yamekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar haina tija. China ikakubali. Mkataba ulisainiwa Beijing mwaka 1967, mkopo ulikuwa yuan milioni 988 bila riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Wazee bado wanaiita Reli ya Uhuru.

Kwa hiyo kivutio cha kwanza cha safari hii umekikalia. Ukitaka kukianza kwa heshima, nenda kwanza Gongo la Mboto, yalipo makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo. Wamezikwa hapo zaidi ya 60, na njia ya kwenda huko ni hiyohiyo ya Pugu tunayopita kila siku bila kugeuza shingo.

Tahadhari moja kwa wageni wa jiji: stesheni ya TAZARA ipo kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, kando ya flaiova ya Mfugale. Treni ya SGR huondokea katikati ya mji. Ni stesheni mbili na reli mbili, na upana wa reli zenyewe ni tofauti: TAZARA ni milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika. Iliwekwa hivyo makusudi, ili behewa la Dar liweze kuungana na reli za Zambia na nchi zilizo chini yake.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Reli hii ina umri wa nusu karne, na Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya ujenzi ya China wa kuifufua na kuiendesha, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Njia ikiwa kwenye matengenezo, ratiba ya abiria hubadilika, na pengine husimama kwa muda. Usiamini ratiba uliyotumiwa na rafiki aliyesafiri mwaka juzi. Nenda dirishani stesheni, uliza, na uulize tena wiki moja kabla ya kuondoka. Usikate tiketi ya ndege ya kurudia, wala kulipia hoteli isiyorudisha fedha, kabla ya kuwa na tiketi ya treni mkononi.

Swali la kwanza: mwezi gani?

Nilidhani shemeji ataanza kwa kuuliza bajeti. Aliuliza mwezi.

“Unataka popo na unataka maporomoko,” alisema. “Hao hawakai meza moja.”

Akachora mistari miwili. Popo wa Kasanka, wale popo wakubwa wa matunda wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, humiminika kutoka misitu ya Kongo kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, wakifuata matunda ya mwituni. Hukadiriwa kufikia milioni kadhaa, na wengine hutaja milioni 10, wote wakilala kwenye kipande kidogo cha msitu wa majimaji. Jua likizama huruka kwa pamoja, na mbingu hujaa mabawa. Ukienda Aprili, msitu upo ila popo hawapo.

Mosi-oa-Tunya ni kinyume chake. Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, na maji hujaa kupita kiasi karibu na Aprili, mvua za juu ya Mto Zambezi zinapowasili. Wakati huo moshi wake wa maji huonekana kutoka mbali, na usiku wa mbalamwezi huweza kuonekana upinde wa mvua. Oktoba na Novemba, upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mtupu. Mwamba una uzuri wake, na kuna watu hupenda majira hayo kwa sababu maji yakipungua unaweza kuliona genge lenyewe lilivyopasuka. Lakini aliyekwenda kusikia radi ya maji atarudi na kinyongo.

Hapo ndipo nilipoelewa usemi aliotuachia Mwalimu Nyerere, kwamba kupanga ni kuchagua. Tumezoea kuusikia ukihusishwa na bajeti za serikali. Sikuwahi kuufikiria mbele ya mistari miwili ya penseli, mmoja wa popo na mmoja wa maji. Aprili au Novemba, hakuna mwezi wa katikati unaotoa vyote.

Kivutio cha dirishani

Swali la pili lilikuwa: yapi tutayaona bila kushuka? Mgeni wa treni husahau kwamba kila mahali anaposhuka pana gharama: gari, malazi, na kusubiri treni nyingine inayoweza kupita baada ya siku kadhaa. Dirisha ni bure.

Kwa desturi treni ya kimataifa huondoka Dar alasiri. Ikiondoka kwa wakati, jioni yake inakata pembeni mwa wanyama: Fuga, Matambwe, Kisaki. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, lililoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga, swala na pundamilia hutazamwa hapo huku umeshika kikombe cha chai. Kwa hiyo saa za kwanza za safari usilale. Utalala Kilombero, ambako usiku humeza mashamba ya mpunga na miwa na kivuli cha milima ya Udzungwa.

Kisha Mlimba. Kutoka hapo hadi Makambako ndipo wajenzi walipotokwa jasho kuliko popote: reli inapanda kutoka bonde hadi nyanda za juu kwa kujipinda na kupenya. Mahandaki ya reli nzima yanazidi 20, na mengi yako kwenye kipande hiki. Madaraja yamefuatana, likiwemo la Mto Mpanga lenye urefu wa kama mita 50 kutoka chini. Shida ni kwamba treni ikienda sawasawa na ratiba, huenda ikafika Mlimba kabla hakujapambazuka. Hapa ndipo msafiri wa TAZARA hujifunza jambo lisilofundishwa kwingine: kuchelewa kwa saa chache ni zawadi. Treni iliyochelewa hupita mahandakini mchana, na unaliona behewa la mbele likimezwa na mlima wakati wewe bado uko juani.

Baada ya Makambako hewa hubadilika na sweta hutoka begini. Karibu na Uyole, Mbeya, reli hufika kilele chake, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Aliyeondoka Dar na shati la mikono mifupi peke yake hapo hujuta. Mke wangu aliandika “sweta” kwenye daftari na kupiga mstari chini yake mara mbili, akinitazama.

Behewani na mpakani

Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, na la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa mkikata chumba kizima. Sisi ni watatu, mke, mume na shemeji, hivyo tumeamua kulipia vitanda vinne vya daraja la kwanza. Cha nne kitalala mizigo. Ukigawa gharama hiyo kwa watatu, na ukakumbuka kwamba kitanda kinakuokoa na nyumba ya wageni kwa siku mbili, maumivu hupungua.

Chakula kipo kwenye behewa la mgahawa, wali na kuku au ugali, lakini raha ya njia hii ni madirisha ya vituoni: ndizi, mahindi ya kuchoma, karanga, viazi vya nyanda za juu. Weka noti ndogondogo mfukoni. Treni haimsubiri mtu anayedai chenji. Beba pia maji ya kunywa, karatasi za msalani, kufuli dogo na tochi.

Mpaka ni Tunduma upande wetu na Nakonde upande wa Zambia. Maofisa wa uhamiaji hupanda ndani ya treni, hivyo pasipoti iwe karibu na mkono. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia, lakini hakikisha unagongewa muhuri na utazame siku ulizoandikiwa. Kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ibebe hata kama hakuna aliyekuambia.

Wabadilisha fedha hupanda pia. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake. Noti ya zamani yenye sifuri nyingi inapendeza machoni na haina thamani dukani. Badilisha kiasi cha kukufikisha tu, hesabu kabla ya kutoa zako, na ujue kiwango cha siku hiyo kabla ya kufika Tunduma.

Na saa? Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa sita mchana ya Tunduma ni saa tano ya Nakonde. Umevuka barabara moja na umeongezewa saa ya maisha.

Kutafuta uzi

Baada ya mpaka, orodha yangu ilikuwa bado ndefu. Shemeji akasema tusichague mahali, tuchague habari. Kila habari ina mahali pake, na yasiyomo yataondoka yenyewe. Tukapata nyuzi tatu.

Uzi wa kwanza ni wa vita. Kati ya Kasama na Mpika, karibu na daraja la Mto Chambeshi, kuna mnara wa kumbukumbu wa siku ambayo Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha barani Afrika. Huko Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akikimbizana na Waingereza kuanzia pwani yetu, alipata habari siku chache baadaye, na akasalimu amri rasmi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Askari wake na wapagazi wake wengi walitoka vijiji vya nchi yetu. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, na mnara wa Chambeshi ni ncha mbili za kamba moja. Mwenye uzi huu ashuke Kasama, aongeze michoro ya kale ya Mwela iliyo jirani na mji, na maporomoko ya Chishimba upande wa magharibi. Hapo ana siku tatu zilizojaa.

Uzi wa pili ni wa maji na reli: nenda moja kwa moja hadi mwisho, Kapiri Mposhi, chukua basi kama kilomita 200 hadi Lusaka, ona nyumba namba 394 ya Chilenje alimoishi Kenneth Kaunda wakati wa kupigania uhuru, kisha endelea hadi mji wa Livingstone. Huko kuna Makumbusho ya Reli, na kuna daraja la mwaka 1905 linalovuka korongo mbele ya maporomoko. Huu ni uzi wa Aprili, na ni wa mwenye siku nyingi, maana kutoka Lusaka hadi Livingstone ni zaidi ya kilomita 450 za lami.

Uzi wa tatu aliuokota mke wangu. Alikuwa kimya kwa muda, akitazama jina dogo kwenye ramani, kaskazini mwa Serenje: Chitambo.

“Si ndiko alikofia Livingstone?” aliuliza.

Ndiko. David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chifu Chitambo Mei 1873. Wenzake walimpasua, wakauzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Jacob Wainwright, mmoja wa vijana waliosoma kati yao, alichonga maandishi kwenye mti ule. Kisha wenzao Chuma na Susi wakauongoza msafara uliobeba mwili huo kupitia Tabora hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walitembea karibu miezi tisa. Kutoka Bagamoyo mwili ulivushwa hadi Zanzibar, ukasafirishwa Uingereza, na Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster Abbey, London.

Mke wangu na shemeji ni watoto wa Bagamoyo. Wamekua wakipita karibu na misheni ya kale na mnara wake uliopewa jina la Livingstone, kwa sababu mwili ulilazwa hapo. “Tuliambiwa maiti ililetwa,” alisema mke wangu. “Hakuna aliyetuambia ilitoka wapi.”

Kimya kikapita. Shemeji akarudisha miwani usoni.

“Dada,” alisema, “uzi umeupata.”

Kilichobaki na kilichokatwa

Na tazama jinsi uzi ulivyopanga mengine. Kumbukumbu ya Chitambo na Hifadhi ya Kasanka zote zinafikika kutoka Serenje, kituo ambacho treni husimama. Kasanka iko mwendo unaokaribia kilomita 100 kwa gari, na Chitambo ni mbele zaidi kidogo, kwa barabara ya vumbi. Popo ni wa Novemba, hivyo mwezi umejichagua. Novemba mvua zinaanza, kwa hiyo gari liwe la kuhimili tope na dereva awe wa Serenje anayejua barabara hiyo. Treni inaweza kufika Serenje usiku, hivyo nyumba ya wageni lazima ijue kwamba tunakuja na tunaweza kuchelewa.

Mpango wa siku tisa ukawa mwepesi. Siku mbili na nusu treni. Nusu siku ya kupumzika Serenje. Siku mbili Kasanka, kwa sababu popo huonekana jioni na alfajiri, na mvua ya jioni moja inaweza kukuharibia. Siku moja Chitambo. Basi kurudi nyumbani kwa barabara kuu ya Tunduma, mchana na usiku. Siku moja na nusu imebaki bila jina lolote. Shemeji aliiita siku ya akiba, na akasema mpango usio na akiba ni ndoto iliyoandikwa kwa kalamu.

Kisha ikaja kazi ya kufuta. Kasama nikaifuta. Kapishya nikaifuta. Chilenje nikaifuta kwa masikitiko. Nilipofika Mosi-oa-Tunya mkono ukasita. Nani anakwenda Zambia asione Mosi-oa-Tunya? Majirani watauliza. Kazini watauliza. Mke wangu akaichukua kalamu, akaipigia mstari, pembeni akaandika: Aprili, mwaka mwingine.

Tulibaki na mahali patatu na dirisha moja. Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kufunga daftari. Shemeji akaniwekea mkono.

“Bado hujaandika kituo cha kwanza.”

“Kipo. Stesheni ya TAZARA.”

“Hapana, shemeji. Cha kwanza ni Bagamoyo. Jumamosi tunapanda basi asubuhi, tunasimama mbele ya ule mnara, tunamsalimia mama, tunakula samaki. Ndipo tukakate tiketi.”

Nikaandika Bagamoyo juu kabisa ya ukurasa. Kutoka kwetu ni kilomita zisizofika 70, na katika orodha yangu ndefu haikuwemo.